Pua ya Lundo la Mboji

Samaki aliungua, na hivyo ndivyo Fumino Arahata alivyoijua siri ya baba mkwe wake.

Alikuwa amemlaza samaki wa chumvi kwenye wavu juu ya moto, akatoka mara moja kuanika mataulo. Jirani yake Yorie akamdaka kwenye ua wa michai, na mazungumzo ya Yorie yana mlango wa kuingilia tu, wa kutokea hayana. Aliporudi jikoni, moshi ulikuwa umetanda mpaka darini na ngozi ya samaki imegeuka mkaa. Na pale pale, mgongo ukielekea jiko, Mzee Kihachi alikuwa ameketi, miguu chini ya meza yenye blanketi, anasoma gazeti kama mtu aliye bustanini.

"Baba, hukusikia harufu?"

Mzee alifunua ukurasa mwingine. "Nilisikia. Nikadhani siku hizi ndivyo unavyompika."

Fumino akacheka, akafungua dirisha, akamkwangua samaki. Lakini alipokuwa anaosha wavu kicheko kilimkauka. Huyu ndiye mzee ambaye, akiwa chumbani kwake na mlango umefungwa, aliweza kusema supu ya leo imeungwa kwa soya ya mwaka jana. Huyu ndiye aliyemwambia mleta barua, kabla hajashuka kwenye baiskeli, kwamba mkewe amepika vitunguu. Pua kama ile hailali moshi ukiwa umejaa chumba.

Alasiri akachemsha chai ya shayiri, akaimimina kwenye kikombe ambacho mzee hunywea chai yake ya majani ya kukaanga. Mzee alikishika kwa mikono miwili, akavuta mvuke, akafumba macho.

"Leo umeikaanga ikakaangika," alisema.

Fumino akainama kuokota kitu ambacho hakikuanguka.

Mafua ya mwaka mpya yalikuwa yamemlaza mzee kitandani, na yalipoondoka yaliondoka na pua yake. Ila hakumwambia mtu. Kwingine pengine jambo hilo lingekuwa la kuchekwa kidogo na kusahaulika. Pale Kaminaga, kitongoji cha nyumba chache zilizojipanga kando ya barabara moja, kila nyumba na shamba lake nyuma yake na msitu wake wa mialoni nyuma ya shamba, lilikuwa jambo zito. Mzee Kihachi alikuwa pua ya lundo.

Kila majira ya baridi watu wa Kaminaga hufagia majani ya mialoni yaliyopukutika. Huyatia kwenye matenga makubwa ya mianzi, makubwa kiasi kwamba mtu mmoja huingia ndani kuyashindilia kwa miguu huku wenzake wakimtania. Majani hayo huenda kwenye lundo la pamoja nyuma ya nyumba ya akina Arahata, yakachanganywa na pumba za mpunga, yakanyweshwa maji, yakapinduliwa, yakaachwa yaoze kwa miaka miwili. Kisha, maua ya plamu yanapopukutika, siku ikiwa kavu, majirani huja na matoroli yao kulifungua. Hakuna anayechota mpaka Mzee Kihachi achukue konzi moja, aipashe joto katikati ya viganja, aipulizie pumzi na kuinusa. Akisema "Limeiva," matoroli yanasogea. Akiliambia lundo "Lala tena," watu wanageuza matoroli bila neno. Kabla yake kazi hiyo ilikuwa ya baba yake.

Na neno lake lilikuwa na sababu. Mboji hiyo ndiyo inayoingia kwenye vitalu vya biringanya na kwenye mitaro ya magimbi. Ikiingia mbichi, itaendelea kuoza miguuni mwa mche, itaupora chakula na kuichoma mizizi yake midogo. Mwezi mmoja baadaye kitongoji kizima kitakuwa kinatazama miche ya manjano.

Jioni ile ile Fumino alikwenda nyuma ya nyumba, akazamisha mkono kwenye lundo mpaka kwenye kiwiko. Kiangazi kilichopita kilikuwa kikavu mno. Ndani lundo lilikauka, likasinzia. Theluji ya majuzi ndiyo iliyolilowanisha, na kwa kulowana likawa jeusi. Jeusi la kupendeza. Mwenye macho angeapa kuwa limeiva. Fumino akaileta konzi puani. Ilikuwa chachu, na nyuma ya uchachu kulikuwa na kitu kikali cha kuwasha macho, kama choo cha kituo cha treni.

Basi akasimama pale na mkono mchafu, akifikiri. Mzee akisema limeiva, vitalu vya watu vitakufa, na hakuna atakayeleta tena toroli kumsikiliza. Yeye Fumino akimtangulia kusema halijaiva, vitalu vitapona, lakini mzee atakuwa amevuliwa nguo mbele ya watu.

Isitoshe, nani angeamini pua yake? Alikuwa ameolewa pale miaka thelathini na zaidi, na bado alikuwa "bibi harusi wa mapipa." Alizaliwa kaskazini, Yamagata, kwenye theluji, katika nyumba ya watia rangi vitambaa. Mama yake alikuwa akitoa rangi nyekundu kutoka kwenye ua la manjano lenye miiba, na siku Fumino alipokuja Kaminaga kuolewa na Tatsuo, kucha zake zilikuwa bado za waridi kama za mtoto aliyeiba matunda. Mara ya kwanza alipoinamia lundo kulinusa, mama mkwe akiwa hai, Mzee Kihachi alimwondoa kwa upole, akamwambia, "Mkwe wangu, pua iliyokulia kwenye mapipa ya rangi imeshachoka. Wewe shika reki." Watu wakacheka, naye akacheka, akashika reki. Hakuwa mtu wa kubishana. Miaka yote hiyo alinusa kimya kimya, akikisia moyoni kabla mzee hajatamka, na ni nadra sana alipokosea. Hilo hakumwambia hata mumewe.

Siku mbili tatu alizunguka na jambo hili kama mtu mwenye kokoto kiatuni. Tatsuo, ambaye kutwa yuko kwenye trekta na hana maneno mengi hata akiwa nje yake, aliulizwa chakula cha jioni kikiendelea: "Kama mtu hawezi tena kufanya kazi yake, na hataki kusema, ungefanyaje?" Tatsuo alitafuna, akameza, akasema, "Ningempa kazi nyingine inayofanana." Akaomba wali zaidi.

Ilikuwa wakati anafungua mtungi wa plamu za chumvi ndipo jibu lilipomjia. Maji ya plamu hizo ni makali kuliko siki yoyote. Mama yake aliyatumia hivi: alilikamua ua kwenye maji ya majivu, na maji ya majivu yakalitoa jekundu lililojificha, kisha akamimina maji ya plamu, na lile jekundu lililokuwa limeyeyuka likashtuka, likajikusanya, likatua chini. Majivu huita, plamu hurudisha. Hivyo ndivyo mama alivyokuwa akisema.

Weusi wa mboji nao si rangi?

Akachota mboji ya lundo kwenye chupa moja. Kwenye nyingine akatia mboji kuukuu iliyobaki kwenye kitalu cha mwaka jana, ambayo mzee mwenyewe aliisifu. Akamimina maji ya majivu kwenye zote mbili, akazitikisa, akaziacha mpaka kesho yake, akachuja. Zote zilitoa maji meusi kama mchuzi wa soya. Kisha akatia maji ya plamu.

Chupa ya mboji kuukuu ilifanya kama ua la mama. Weusi uliganda vipande vipande kama chai iliyoharibika, ukatua chini ukiwa mzito, na juu yake yakabaki maji ya rangi ya majani makavu ya mpunga. Chupa ya lundo ilishusha unga kidogo tu, haba, na maji yake yakabaki ya kahawia vilevile, kama chai iliyosahauliwa birikani.

Akampigia simu binti yake, Chisa, aliyekuwa akisoma mambo ya udongo chuo kikuu. Chisa alisikiliza, akaanza kucheka.

"Mama, hongera. Umegundua asidi ya humiki. Umechelewa tu zaidi ya miaka mia mbili."

"Usinicheke. Niambie ni nini."

"Ni kile kinachobaki watu wote wakishakula. Vijidudu wanakula jani, wanaanza na sukari, laini laini. Zile sehemu ngumu kama mbao zinavunjwa vipande. Vipande vinashikana na mabaki ya vijidudu wenyewe waliokufa, vinakuwa vikubwa, vyeusi, na havioziki upesi. Vile vikubwa vinayeyuka kwenye majivu lakini asidi inaviangusha. Vile vidogo haviogopi chochote, vinabaki majini. Kwa hiyo yako ikibaki ya kahawia…"

"Bado ni vidogo. Haijaiva."

"Haijaiva. Vikishakuwa vikubwa ndivyo vinavyoshika maji na chakula cha mche visikimbie na mvua. Ndiyo maana udongo wetu ni mweusi vile. Majivu ya mlima wa volkano yamevishika vitu hivyo tangu zamani, hayataki kuviachia." Kisha akashusha sauti, kama anayesengenya. "Ila ujue, kuna wataalamu wanaosema kitu hicho hakimo kabisa udongoni. Wanasema dawa ya kuyeyushia ndiyo inayokitengeneza mle chupani. Wanagombana mpaka wanaacha kusalimiana."

Fumino akawaza kidogo. "Na jekundu la mama, lilikuwamo kwenye ua au kwenye chungu?"

"Mama, hilo swali usije ukamuuliza mwalimu wangu. Ana presha."

Sasa chupa alikuwa nazo. Kilichobaki ni kumfanya mzee azione bila kuonyeshwa. Akaziweka kwenye baraza ya mbao, upande wa jua, mahali ambapo Mzee Kihachi hukaa kukata kucha, akaenda zake kumenya figili, huku akitazama kwa pembe ya jicho.

Mzee alikaa. Alikata kucha. Akazitazama chupa. Akakata nyingine. Akainua chupa ya kwanza, akaielekeza kwenye jua, akaitikisa, akangoja itue. Akafanya vivyo hivyo na ya pili. Alikaa hivyo muda mrefu sana hata figili zikaisha na Fumino akaanza kumenya zisizohitajika.

"Fumino."

"Naam, Baba."

"Hii nzuri ni ya kitalu cha mwaka jana."

"Ndiyo, Baba."

"Na hii inayofanana na maji ya kuoshea mbwa ni ya lundo letu."

Fumino aliweka kisu chini. "Nilikuwa najaribu rangi tu, Baba, kama za kwetu. Majivu huita, maji ya plamu hurudisha."

"Keti." Akaketi. Mzee alikusanya kucha zake kwenye karatasi, akaikunja vizuri. "Ile siku ulinipa chai ya shayiri."

Fumino akahisi masikio yake yanawaka.

"Chai ya kukaanga haina rangi ile, na vijiti vyake huelea. Pua imekufa, macho hayajafa. Nikajiuliza, mwanamke huyu ananipima? Nikaona nikikuuliza, nitakuwa nimejibu. Basi nikaisifu."

"Baba, nisamehe."

"Wewe ndiwe unayeomba samahani? Mimi nimekula samaki wa mkaa nikamsingizia mpishi." Akaitazama tena chupa ya kahawia. "Nimekwenda pale nyuma kila asubuhi. Nanusa, kimya. Nanusa, kimya. Kama kupiga simu nyumba iliyohamwa. Nikasema basi, nitatazama weusi wake nitamke. Ningeziua biringanya za Yorie."

"Yorie angekuua wewe."

"Na angekuwa na haki." Mzee akaisogeza chupa kando. Kisha, bila kumtazama, akauliza, "Wewe uliponusa, ulisikia nini?"

"Uchachu. Na choo cha kituo cha treni."

"Kituo kipi?"

"Kile cha zamani, kabla hawajakikarabati."

Mzee akaguna, na katika mguno huo Fumino akasikia kitu ambacho hakuwa amekisikia tangu aolewe. Aliguna kama mtu anayemsikiliza fundi mwenzake.

Siku ya kulifungua lundo ilikuwa kavu na yenye upepo, na maua ya plamu yalikuwa yakiruka mpaka kwenye vikombe vya chai. Matoroli yalipangwa. Yorie alikuja wa kwanza kama kawaida, na nyuma yake Bwana Mokichi, mkulima wa magimbi mwenye kipara, ambaye kila mwaka husema amepita tu.

"Mzee, fanya upesi," alisema Yorie. "Mbegu zangu zimeshaloweshwa. Nimeziahidi kitanda leo."

"Mbegu zako zina adabu kuliko wewe, zitangoja," alijibu Mzee Kihachi.

Akachota konzi. Akaipasha katikati ya viganja. Akaipulizia. Akaileta puani, na watu wakanyamaza kama wanavyonyamaza kila mwaka. Fumino alikuwa amesimama kando na reki yake. Yeye na mzee walikuwa hawajapanga chochote. Alikuwa hajui mzee atasema nini, na hakuthubutu hata kukohoa.

Mzee alishusha mikono.

"Mafua ya mwaka mpya yameondoka na pua yangu," alisema kwa sauti ile ile anayotumia kutaja hali ya hewa. "Sisikii kitu. Hata Mokichi simsikii, na leo amejipaka mafuta ya nywele sijui ya nini."

Mokichi akagusa kipara chake.

"Fumino, acha reki. Njoo unuse."

Akaja. Mzee akammwagia ile konzi viganjani, bado ina joto la mikono yake. Fumino akaipulizia, akanusa. Hakuhitaji kufikiri, lakini alinusa tena kwa sababu ya heshima ya mahali.

"Halijaiva, Baba."

"Haiwezekani," alisema Yorie. "Tazama lilivyo jeusi. Mama Chisa, mimi nakupenda, lakini wewe umekulia kwenye mapipa ya rangi."

"Na asante Mungu kwa mapipa," alisema mzee. Akaenda barazani, akarudi na chupa mbili chini ya koti, akazisimamisha juu ya toroli la Yorie kama muuza dawa sokoni. "Sogeeni. Hii, mnaiona? Hii ni mboji iliyokwisha kuwa mtu mzima. Ukiiita inatoka, ukiirudisha inakaa chini, imetulia. Hii nyingine ni kijana. Ukiiita inatoka, ukiirudisha hairudi, inazurura tu majini. Yorie, wewe una mtoto wa namna hiyo, unajua ninachosema."

Watu wakaangua kicheko, na aliyecheka zaidi alikuwa Yorie mwenyewe, kwa kuwa ni kweli. Mokichi akainua chupa ya kahawia juani, akaigeuza.

"Na hiyo dawa uliyotia ni nini, Mzee?"

"Majivu ya jikoni na maji ya plamu."

"Basi? Na mimi ninayo hayo."

"Unayo. Ila hukujua kuwa unayo. Muulize mkwe wangu, ndiye fundi. Mimi ni mtangazaji."

Wakaweka matoroli kando, wakashika uma za pamoja, zile za meno marefu za kupindulia mboji. Lundo lilipinduliwa lote siku ile. Lile la chini likaja juu, pumba mpya zikaingia katikati, maji yakamwagwa. Yorie alilalamika kutoka mwanzo mpaka mwisho na alipindua kuliko wote. Mbegu zake zililala kwenye mboji kuukuu ya kitalu cha akina Arahata, ambayo Fumino alimpa kapu zima, naye akaipokea akisema ni kidogo. Kabla ya jua kuzama, mvuke ulianza kupanda kutoka mgongoni mwa lundo. Lilikuwa limeamka.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi wawili hao huenda nyuma ya nyumba pamoja. Mzee Kihachi hubeba chupa zake, ambazo sasa zimekuwa safu nzima kwenye baraza, na huzitazama juani kwa makini ya mtu aliyeanza kazi upya uzeeni. Fumino hubeba pua. Anachota konzi, ananusa, na mzee anangoja.

"Leo inanukaje?"

"Uchachu umepungua. Imeanza kunuka msitu baada ya mvua."

"Hivyo husema kila mtu. Sema vizuri."

Hapo Fumino hulazimika kutafuta maneno, yeye ambaye miaka yote alinusa bila maneno. Asubuhi moja alitafuta kwa muda mrefu.

"Kama kabati la mama yangu," alisema hatimaye. "Lile la chini, alimoweka vitambaa vilivyokwisha kutiwa rangi. Mbao kuukuu, na baridi kidogo, na kitu kitamu ambacho hukioni kiko wapi."

Mzee alifumba macho kama alivyofanya juu ya kikombe cha chai ya shayiri, lakini safari hii hakuwa anaigiza. Alikaa hivyo, akilipata kabati lile kwa njia aliyoijua mwenyewe.

"Basi imekaribia," alisema. Kisha akafumbua macho, akatazama upande wa nyumba. "Fumino. Wewe ndiwe pua ya kitongoji?"

"Mnasema hivyo, Baba."

"Macho yangu yanaona moshi mweusi unatoka dirishani mwako. Nadhani siku hizi ndivyo unavyompika."

Fumino aliitupa konzi akakimbia, na nyuma yake akamsikia mzee akicheka peke yake na lundo.